Ulimi wa Mzee Imekolea

Karibuni majirani, vuteni viti. Leo sina habari za mlevi wala za mwizi, hao mnawajua wenyewe. Nataka niwasimulie kisa cha mtu mwema, mtu wa watu, mcheshi, mpenda mke wake, ambaye nusura aiangamize nyumba yake kwa kijiko cha chumvi huku nyumba nzima ikimtazama na kunyamaza. Baadhi yenu mtajiona humu. Mkijiona, msininunie.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya amani. Kila asubuhi baada ya chai, mzee alivuta kiti chake cha kuegemea hadi mbele ya tangi la kioo lililokaa sebuleni, akakunja nne, akawatazama samaki wake. Walikuwa watatu: wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na mmoja wa buluu aliyekuwa na tabia ya kuwafukuza wenzake bila sababu yoyote. Chini, juu ya mchanga, konokono sita walitambaa wakisafisha kioo. Kwenye kona ya dirisha mkewe alishona, maana alikuwa fundi cherehani, na mlio wa cherehani ulikwenda pamoja na mngurumo wa pampu ya tangi. Binti yao wa mwisho, mwalimu wa chekechea, alipita akiwa na mkoba wake, akambusu mama, akamtania baba.

"Baba, huyo wa buluu umemwita nani?"

"Huyo namwita Mhasibu. Hana urafiki na mtu."

Basi wakacheka, binti akaenda kazini, na siku ikaanza.

Mtaani watu walimwita Mzee Imekolea. Jina hilo alilipata katika jiko la hosteli ya wanafunzi, alikopika miaka thelathini na moja. Kila sufuria ilipokaribia kuiva, wapishi wadogo walimwita, naye alichota kidogo kwa kijiko, akaonja, akafumba macho, kisha akasema neno moja tu: "Imekolea." Hapo ndipo chakula kilipakuliwa. Asiposema, hata mkuu wa hosteli angesubiri na sahani yake mkononi.

Alipostaafu, wenzake walianza kuchanga, na mchango ulipotimia baada ya mwaka mmoja na zaidi, wakamuuliza anataka zawadi gani. Walitegemea atasema suti au redio. Yeye akasema anataka samaki wa maji ya chumvi, walio hai.

"Miaka yote hii nimewaona samaki wakiwa wamelala kwenye karai," aliwaambia. "Nataka niwaone na wao wakinitazama, bila kinyongo."

Tangi lililetwa na mwanamke mmoja wa makamo, mwenye duka la samaki wa mapambo, miwani yake ikining'inia kwa kamba shingoni. Watu walimwita Mama Samaki. Alikuwa mtu asiye na haraka. Alikuja na mfuko wa chumvi maalumu ya matangi, siyo hii ya mezani, akaipima kwa mizani, akaikoroga na maji safi kwenye pipa pembeni, akaacha pampu iyazungushe hadi siku ya pili. Kisha akatoa kijisanduku cha plastiki chenye mshale ndani, akakijaza yale maji, na mshale ukapanda polepole ukasimama.

"Thelathini na tano," alisema. "Unaona, mzee? Kila kilo ya maji haya ina gramu thelathini na tano za chumvi. Hapo ndipo samaki hawa walipozoea. Mshale ukae hapo hapo. Usipande, usishuke."

Ndipo akayamimina tangini. Akabandika kipande cha utepe kwenye kioo, sambamba na uso wa maji.

"Maji yatapungua, hilo lisikutishe. Maji yanapaa kwa mvuke, lakini chumvi haipai, inabaki humo humo. Kwa hiyo yakishuka chini ya utepe huu, ongeza maji matupu yaliyochujwa. Matupu, mzee wangu. Na kabla hujaongeza na baada ya kuongeza, pima."

"Nimekusikia, mama."

Alimsikia kweli. Lakini kusikia ni jambo moja na kukubali ni jambo jingine, kama mjuavyo ninyi wenye watoto. Mama Samaki alirudi mara kadhaa kukagua, na samaki hawakuletwa hadi wiki ya sita, maji yalipokuwa yametulia. Siku alipokabidhi kila kitu, mzee alikichukua kile kijisanduku, akakigeuzageuza, akakitia kwenye droo ya kabati pamoja na betri zilizokwisha na funguo ambazo hakuna aliyejua ni za wapi.

"Hukihitaji?" mkewe aliuliza, utepe wa kupimia nguo ukiwa shingoni.

"Mama Watoto, mimi ni mtu niliyekula chumvi nyingi. Leo nifundishwe chumvi na kiplastiki?"

Mkewe akainamisha kichwa, akaendelea kushona. Yeye alikuwa hakati kitambaa kabla ya kupima mara mbili, hata cha mteja aliyemshonea miaka kumi. Lakini hakusema kitu. Kwa nini hakusema kitu? Subirini, tutafika.

Wiki ya kwanza maji yalishuka vidole viwili chini ya utepe. Mzee akachovya kidole tangini, akaonja. Yalikuwa yamepooza. Akaonja tena, akakunja uso. Yamepooza kabisa! Sasa hapa mnisikilize vizuri, maana mpishi yeyote anajua kwamba mchuzi ukikaa motoni hupungua maji na kuzidi chumvi. Yeye mwenyewe aliwakaripia wapishi wadogo kwa jambo hilo miaka nenda miaka rudi. Lakini ulimi wake ulimwambia maji yamepooza, na ulimi ule ulikuwa haujawahi kumwangusha mbele ya wanafunzi mia nne. Akachanganya ndoo ya maji na chumvi ya tangi, akaonja hadi akaridhika, akamimina.

"Imekolea," aliwaambia samaki.

Wiki ya pili akafanya hivyo hivyo. Ya tatu pia. Kila wiki maji matupu yalipaa, na kila wiki yeye aliingiza chumvi mpya juu ya ile ya zamani.

Na sasa niwaambie la pili, ambalo ndilo kubwa. Mkewe alikuwa na presha. Miezi minane kabla ya hapo, daktari wa zahanati alimwambia apunguze chumvi, na mzee, ambaye ndiye aliyepika nyumbani tangu astaafu, aliapa palepale. "Nimeipunguza nusu, daktari!" alisema kila walipokwenda, na hakuwa mwongo, maana ndivyo alivyoamini. Aliweka chumvi kidogo, akaonja, akaona bado, akaongeza kidogo, akaonja. Mkewe akipimwa, mkanda wa presha ulionyesha mia moja na sabini na kitu. Vidonge vikaongezwa mara moja, kisha mara ya pili. Miguu ikawa inamvimba jioni, kichwa kikimgonga. Daktari akamwambia bila kuzunguka kwamba wakiendelea hivi, anaogopa kiharusi.

Mzee hakulala vizuri tangu neno hilo. Alimpenda mke wake kuliko alivyoweza kusema, na kwa kuwa hakuweza kusema, alimpikia.

Mezani mama alikula. Mzee alipogeuka kuchukua kitambaa au kumwita binti, mama alimimina maji ya kunywa kwenye mchuzi wake, akakoroga haraka. Wali aliula wa juu juu, maharage akayasukuma pembeni. Jagi la maji lilikwisha kila mlo. Binti naye alikuwa na visingizio vyake: ameshakula shuleni, tumbo limejaa, anafunga. Huyo binti alifunga mwaka ule kuliko watawa.

"Vipi chakula?" mzee aliuliza kila siku.

"Kizuri, Baba Watoto."

"Kizuri, baba."

Ikafika asubuhi moja mzee akavuta kiti chake, na konokono wanne walikuwa wamelala kichalichali kwenye mchanga. Samaki wa chungwa walijibanza nyuma ya jiwe, matumbo yakipanda na kushuka kwa kasi. Hata Mhasibu hakuwa akimfukuza mtu. Kwenye ukingo wa kioo palikuwa na utando mweupe mkavu, ambao mzee alikuwa ameuona siku nyingi na kuufuta kwa kitambaa bila kujiuliza ni nini.

Alivaa viatu bila soksi, akaenda mbio hadi dukani kwa Mama Samaki.

"Umeniuzia wagonjwa!" aliwaka mlangoni. "Wanakufa! Wanakufa mmoja mmoja!"

"Shikamoo, mzee."

Akakwama. "Marahaba. Umeniuzia wagonjwa, mama."

"Unapima?"

"Napima kila siku."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa ulimi."

Mama Samaki alivaa miwani yake, akamtazama, akavua miwani. Akafunga duka, wakaongozana.

Ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo binti alikuwapo nyumbani. Mama Samaki akaomba kijisanduku. Kilitafutwa kwenye droo, kikapatikana chini ya betri, bado kikiwa kwenye nailoni yake. Akakijaza maji ya tangi. Mshale ulipanda, ukapita thelathini na tano, ukapita arobaini, ukaenda kugota mwisho, mahali pasipo na namba.

"Kimeharibika hicho," mzee alisema.

Mama Samaki akatoa kipimo chake mwenyewe, kile cha kuchungulia kama darubini, akadondosha tone, akachungulia kwenye mwanga wa dirisha. "Arobaini na sita, mzee. Nashangaa hao samaki bado wanaogelea."

"Haiwezekani. Jana tu nimeonja, yamepooza!"

Mama Samaki akamtazama mama mwenye nyumba. Mama mwenye nyumba akatazama cherehani yake. Binti akatazama dari. Mgeni yule alikuwa mtu mwerevu, akaelewa kwamba hapa kuna jambo ambalo si la samaki.

"Mwanangu," alimwambia binti, "nenda jikoni. Chukua glasi mbili za maji safi ya kunywa. Moja tia chumvi ncha ya kijiko. Nyingine tia mara tatu ya hiyo. Koroga, uzilete."

Glasi zikaletwa. Mama Samaki akaonja ya kwanza, akaonja ya pili, akakunja uso na kukimbilia dirishani kutema. Binti akaonja, naye vivyo hivyo. Mzee akaonja ya kwanza, akafumba macho kama alivyofanya miaka thelathini na moja. Akaonja ya pili. Akarudia ya kwanza.

"Ni sawa," alisema. "Zote mbili ni maji tu. Binti yangu, umesahau kutia."

Hakuna aliyecheka. Mzee akawatazama mmoja mmoja, na majirani zangu, hapo ndipo nilipomwonea huruma, maana alikuwa mtu mwenye akili, na akili ilikuwa inafika mahali ambapo hakutaka ifike. Akaiweka glasi mezani taratibu.

"Na chakula je?"

Mkewe akaukunjakunja utepe wake wa kupimia.

"Mama Watoto. Nakuuliza. Chakula changu kikoje?"

"Kina chumvi, mume wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nyingi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Kidogo kidogo, kisha ikazidi."

"Mwaka juzi!" Mzee akakaa kwenye mkono wa kiti. "Na daktari amesema, na presha, na miguu yako... Mbona hukuniambia? Ungekufa! Ningekuua kwa mkono wangu, huku unaniambia kizuri, kizuri!"

Mama akaanza kulia. "Ningekuambiaje? Siku uliyostaafu ulirudi na kijiko chako kile cha kuonjea, umekifunga kwenye karatasi. Ukasema umeacha kila kitu kule ila ulimi wako. Nikasema moyoni, na huo nikimpokonya, atabaki na nini?"

"Ningebaki na wewe!" mzee alisema kwa sauti iliyopasuka, na akatoka nje.

Alikaa kwenye beseni lililogeuzwa, nyuma ya nyumba, karibu na bomba. Aliona aibu kubwa, kubwa kuliko aliyowahi kuiona, na chini ya aibu kulikuwa na hofu, kwa sababu alipiga hesabu ya sahani zote alizomwekea mkewe mbele yake kwa miezi minane. Binti akamfuata, akachutama kando yake.

"Na mimi nilikosa, baba. Nilijua."

"Nilikuwa nikijisifu kwamba nimekula chumvi nyingi."

"Na sisi tumeila, baba. Tena kabla ya umri wetu."

Mzee alimtazama mwanawe, akajaribu kununa, akashindwa. Kicheko kikamtoka pamoja na machozi, na waliokuwa ndani wakakisikia, mama akafuta uso kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

Waliporudi sebuleni, mzee alikwishashika ndoo. "Mama Samaki, niambie. Niyamwage yote niweke maji mapya?"

"Ukiwashusha kwa kishindo utawaua hao waliobaki. Miili yao imeshazoea ubaya, lazima uitoe humo taratibu. Leo toa ndoo moja ya maji ya chumvi, rudisha ndoo moja ya maji matupu yenye joto lile lile la tangi, kidogo kidogo. Pima. Kesho hivyo hivyo. Mshale ushuke namba moja au mbili kwa siku, isizidi. Ukifika thelathini na tano, simama. Baada ya hapo ni kufidia mvuke tu, kwa maji matupu."

Safari hii aliandika. Alichukua kalenda ya ukutani, akaandika namba kila siku: arobaini na nne na nusu, arobaini na tatu, arobaini na moja. Konokono mmoja alikufa siku ya tatu, wa mwisho akapona. Siku ya saba Mhasibu alimfukuza mwenzake hadi nyuma ya jiwe, na nyumba nzima ikapiga makofi.

Kabla ya hapo, Jumatatu ile ya kwanza, walikwenda zahanati wote watatu. Mzee alimweleza daktari kila kitu mwenyewe, bila kuficha. Daktari akamwambia kwamba ulimi huchakaa kwa umri kama yanavyochakaa macho, na kwamba si kosa lake kuchakaa. Akamvalisha na yeye mkanda, maana alikuwa akila chakula kile kile. Ulionyesha mia moja na sitini na mbili. Wakarudi na vidonge vya watu wawili.

Jikoni sasa kuna kijiko kidogo cha kupimia, kilichofungwa kwa uzi kwenye kopo la chumvi ili kisipotee. Chumvi wameipunguza hatua kwa hatua, wiki kwa wiki, na mzee anapika wala haonji. Anapima, halafu mkewe anaonja. Mwanzoni chakula kilimwia mzee kama karatasi. Akagundua ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, vitu ambavyo ulimi wake ulikuwa bado unavisikia, na mikono yake ikapata kazi mpya. Baada ya miezi minne mkanda wa mama ulisoma mia moja na thelathini na sita. Daktari akarudia kupima, akidhani amekosea. Kidonge kimoja kikaondolewa.

Jioni ya siku ile waliketi mezani. Mzee akapakua, akasubiri.

"Vipi chakula?"

Mama akatafuna, akafikiri. "Leo mboga zimeiva mno, Baba Watoto. Na chumvi umeisahau kabisa."

Mzee akasimama na kuuzunguka ukingo wa meza, akamkumbatia mkewe mbele ya mtoto, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Binti akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

FUNZO

Ndugu zangu, la kwanza ni kwa sisi tunaojua kazi zetu. Ujuzi wako ni wako, hakuna aliyekunyang'anya, lakini mwili unaoubeba unazeeka. Palipo na kipimo, pima. Chumvi ya tangi, presha ya damu, sukari, macho ya dereva, vyote vina kipimo chake, na hakuna aibu yoyote kukichukua. Na mkianza kufuga samaki wa maji ya chumvi, nawaomba, yakipungua ongezeni maji matupu.

La pili ni kwa wake, waume na watoto, na hili ndilo lililonifanya niwaite hapa. Tumefundishwa kumheshimu mkubwa, tukadhani heshima ni kusema "kizuri" huku tunamimina maji kwenye sahani kwa siri. Mzee yule hakuwa mkali wala mkaidi wa kushindikana. Aliambiwa mara moja tu, akabadilika siku ile ile. Mwaka mzima na zaidi walimwogopea jibu ambalo hakuwahi kupewa nafasi ya kulitoa. Rudini nyumbani leo, mtazame yule mnayemnyamazia kwa kumpenda, mkamwambie kwa upole, angali yuko na ninyi mezani.